Fundi wa traka na kamera hapa Malindi: maoni yangu baada ya Probox kuzibwa mdomo

Nimeulizwa sana na watu traka za gari zangu, vile vidude vya kuonyesha gari iko wapi, nimefunga kwa nani, na kama kweli zinafanya kazi ama ni mbwembwe tu za kwenye simu, basi naandika hapa mara moja yaishe. Mie nina tuktuk mbili na Probox moja, ndo riziki yangu hiyo, tuktuk zinazunguka mjini na Casuarina, Probox inabeba watu na mizigo mpaka Mambrui na Gongoni na wageni wakija wanaikodi kwenda Gede na Watamu. Duka silitaji jina kwa sababu mwenyewe ameniomba, anasema kazi aliyonayo inamtosha na hataki watu wajazane mlangoni, ila ukiuliza mafundi wa wayaringi upande wa Lamu Road utaonyeshwa, ni kichumba kidogo kina feni moja na marundo ya waya mpaka darini.

Maksi nazitoa kabisa hapa juu kwa wale wavivu wa kusoma. Traka nne kwa tano. Kamera tano kwa tano. Huduma kwa mteja mbili kwa tano, na hapo nimemhurumia kwa sababu chai yake ya tangawizi ni nzuri. Sasa nieleze.

Kabla yake nilikuwa na traka za kawaida zilizofungwa na watu wengine. Tuktuk hazikunisumbua hata kidogo, Probox ndo ilikuwa na vituko. Jioni jioni hivi, kuanzia magharibi, kwenye ramani unaiona imesimama mahali, sema karibu na daraja la Sabaki, haisogei, unangoja weee, halafu baada ya muda mrefu inaibuka mjini. Nikiwapigia waliofunga jibu lilelile, netiwaki mama, netiwaki ya huko mbovu, hebu zima simu uwashe. Yaani nizime simu yangu mie nikiwa nyumbani Barani, ilhali traka iko kwenye gari! Na wakati huohuo springi za nyuma zinakatika ovyo na mafuta hayaeleweki.

Huyu fundi nilipomfikia hakuanza kuniuzia kitu. Alinikalisha kwenye ndoo ya rangi akaanza maswali, inapotea wapi, saa ngapi, ikirudi inarudi palepale ilipopotelea au kwingine, na ikisharudi inaijaza ile njia iliyopita au inaruka tu. Hilo la mwisho sikulielewa. Akaniambia dada, traka ikikosa netiwaki haizitupi habari, inaziweka kwenye memori yake, ikipata mnara inazimwaga zote kwa pamoja, kwa hiyo ingekuwa ni netiwaki tu ungeona ile njia inajichora baadaye, lakini kwako pamebaki shimo. Maana yake GPS nayo ilikuwa haioni kitu, na GPS haitaki bando wala mnara, inataka mbingu tu. Sasa mnara na setilaiti ni vitu viwili havijuani, vipi vipotee pamoja dakika moja, kila jioni, kwenye barabara ya wazi? Halafu akanifungulia historia ya tuktuk moja ambayo jioni hupeleka maji ya chupa Mambrui, traka ya aina ileile, laini ya kampuni ileile, inapita daraja lilelile, na haijawahi kupotea.

"Hii gari inajamiwa dada," akasema, yaani mtu anayaziba mawimbi ya traka makusudi, "na anayeijami yumo ndani ya gari."

Hapo ndo nilipojua huyu ni fundi, manake hakugusa hata bisibisi.

Kwa asiyejua, traka ni vitu viwili ndani ya kiboksi kimoja. Kuna kipande cha GPS kinachosikiliza setilaiti zilizoko juu kama kilomita 20,200, na kuna simu ndogo isiyo na kioo inayochukua hayo mahesabu na kuyatuma kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, na wewe unayaona kwenye appu. Mawimbi ya GPS mpaka yafike huku chini yamechoka kabisa, nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya trilioni ya wati. Sisi watu wa huku tunatakiwa kulielewa hili kuliko wengine, kwa sababu Waitaliano wako Ngomeni na masahani yao makubwa miaka na miaka wakisikiliza vitu vya angani, na palepale baharini kwenye jukwaa la San Marco ndo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Mtu hajengi sahani kubwa vile kwa kupenda, anajenga kwa sababu sauti inayotoka huko juu ni ndogo mno. Traka haina sahani, ina antena ya saizi ya biskuti. Sasa mtu akija na kidude kinachopiga kelele kwenye masafa yaleyale ya GPS, megahezi 1575.42, hata kama nguvu yake ni ya kuchekesha, maadamu kiko nusu mita kutoka kwenye traka kinaishinda setilaiti bila jasho. Ni kama mtu anakunong'oneza na wewe umekaa kando ya spika za harusi, masikio yako mazima, naye hajaacha kunong'oneza, ila huambulii neno. Na upande wa simu ni vilevile, kinapiga kelele kwenye masafa ya minara, 900 na 1800, basi kiboksi kinakuwa kiziwi na bubu kwa wakati mmoja. Kidude chenyewe wanakiita jama na kinauzwa mtandaoni kwa bei ya viatu, aibu tupu.

Basi akanifungia traka nyingine kwenye Probox, 12,500 na ufundi ndani yake, halafu 2,400 kwa mwaka ya laini na seva. Nitasema kwa nini naona hiyo pesa ni halali.

Wauzaji wengi watakwambia traka yao "inagundua kujamiwa na kukutumia meseji papo hapo". Hebu fikiria kidogo hilo neno. Traka iliyozibwa mdomo itakutumiaje meseji kwamba imezibwa mdomo? Haiwezi! Anayekuambia hivyo ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana. Fundi wangu alinieleza kwamba kazi lazima igawanywe. Upande mmoja ni seva, ambayo inakaa ikihesabu, gari iliniambia swichi iko on na inatembea, sasa imenyamaza dakika tano, haijasema imezima, haijasema betri imeisha, kwa hiyo namwambia mwenyewe. Hiyo meseji inatoka kwenye seva, haitoki kwenye gari, ndo maana inafika. Upande wa pili ni kiboksi chenyewe, ambacho hata kikiwa bubu kinaandika daftari lake ndani, nimezibwa kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, na jama likizimwa tu kinalimwaga lote. Na kwa muda huo kinaweza kufanya jambo pale garini bila kuomba ruhusa ya mtu, kama kupiga king'ora au kukata relei, ile swichi ya umeme inayoweza kuzima injini. Traka mie siku hizi naipima hapo tu, inafanya nini ikiwa imenyamazishwa, manake ikiwa inaongea zote ni nzuri.

Inajuaje kama imejamiwa na si kwamba gari imeingia bondeni ambako hakuna mnara? Hapa nilimsumbua sana mpaka nikaelewa. Ukiwa hakuna mnara, ile simu ya ndani inapima hewa na kukuta kimya, hamna nguvu yoyote. Ukijamiwa inakuta kinyume, hewa imejaa nguvu tele na bado hakuna mnara hata mmoja unaosomeka. Nguvu ipo, maneno hamna. Hili si la fundi wetu wala la Mchina aliyetengeneza kiboksi, watafiti wa Rutgers huko Marekani waliliandika mwaka 2005, walisema ukitizama nguvu ya mawimbi peke yake utadanganyika, ukitizama meseji ngapi zinafika peke yake utadanganyika pia, mpaka uyalinganishe mambo hayo mawili. Waliyagawa majama mafungu manne, kuna la kupiga kelele mfululizo, kuna la kutuma meseji za uongo zinazofanana na za kweli ili wengine wakae wanangoja zamu, kuna la kulala na kuamka, na kuna moja jeuri linalokaa kimya mpaka lisikie mtu ameanza kuongea ndo limrukie. Hilo la mwisho ndo gumu kulinasa, na ashukuriwe Mungu la kwenye Probox yangu lilikuwa la fungu la kwanza, pumbavu kabisa.

Haikuchukua muda. Jioni moja seva ikaleta meseji, gari imenyamaza, ya mwisho kuonekana kabla ya Mambrui. Sikupiga simu kwa dereva. Usiku kiboksi kikamwaga daftari, kimezibwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu kasorobo. Dereva alipoleta gari nikatoka na tochi ya simu kama naangalia taa, nikafungua mlango wa mbele. Kwenye tundu la kuwashia sigara kumechomekwa kitu cheusi kifupi, kina kiantena cha kidole kimoja na kitaa cha kijani, ukikigusa kina moto.

"Hii nini?"

"Chaja hiyo mama."

"Chaja mbona haina pa kuchomeka waya?"

Akakohoa. "Ni ya... ya kuongeza netiwaki mama."

Wallahi nilicheka kabla ya kukasirika. Mambo mengine tuliyamaliza wenyewe, kumbe jioni ilikuwa inabeba magunia ya makaa kutoka njia ya Marafa, ndo habari ya springi hiyo. Hesabu yangu analeta kamili kila siku, kwa hiyo mtu ungesema mwaminifu.

Kesho yake fundi alikifungua dukani, kimezimwa, kwenye meza yake ya kulehemu. Ndani ni kibodi cha saizi ya dole gumba, sehemu mbili zinazofanana pembeni kwa pembeni, moja ya GPS na moja ya simu, na katikati kisakiti kinachopandisha na kushusha masafa haraka haraka bila kukoma, yaani badala ya kukaa mahali pamoja kinafagia bendi yote, yaani ule upana mzima wa masafa. Hakina jina la kampuni, hakina namba, hata ilikotengenezwa hamna. Akanionyesha kwamba kile cha GPS kinafagia karibu na ile 1575 tu. Ndo akaniambia traka za bei ya juu kidogo zinasikiliza na masafa mengine, GPS yenyewe ina mengine yanaitwa L5 kwenye 1176.45, na setilaiti za Warusi za GLONASS zinaongelea kwenye 1600 na kitu, kwa hiyo jama la bei rahisi linaweza kuziba mlango mmoja na kuacha dirisha. Linaweza, hakusema litaacha. Hiyo ndo nampendea, hakuuzii ndoto.

Kuhusu laini mbili niseme wazi kwa sababu hapa mjini watu wanapigwa pesa. Unaambiwa weka traka ya laini mbili za kampuni tofauti, moja ikijamiwa nyingine itafanya kazi. Hapana. Jama halijui kampuni, linajua masafa, na kampuni zote zinaishi kwenye bendi zilezile. Laini mbili zinakusaidia pale ambapo mnara wa kampuni moja haufiki, basi. Kinachoweza kusaidia kidogo ni traka ya 4G yenye bendi nyingi, kwa sababu jama la bei ya chini huwa halina za kuziba zote.

Sasa kukata injini. Nilimwambia fundi weka relei, jama likiwashwa gari izime hapohapo tumalize kelele. Akakataa kata kata, akaniuliza, na ikizimika iko katikati ya daraja la Sabaki na lori liko nyuma? Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na ndani kuna watu. Aliiweka hivi, gari ikiwa inatembea relei haifanyi kitu, inapiga king'ora tu, lakini ikizimwa haitawaka tena mpaka nitume namba ya siri. Na kabla ya kukubali kwamba imejamiwa inangoja sekunde sitini, manake ukiweka sekunde tano kila ukipita karibu na mtambo wowote wenye nguvu itapiga yowe. Nimesikia kuna wanaozikata zikiwa kwenye mwendo na kujisifia, hao msiwape gari zenu.

Kuijaribu ndo kuna kasoro na siwezi kumlaumu. Fundi alikizungushia kiboksi karatasi ya foili, ile ya kufungia samaki wa kuchoma, kikanyamaza na baada ya dakika tano seva ikanitumia meseji. Safi. Ila hapo umejaribu kimya tu, hujajaribu kujamiwa, kwa sababu foili inaondoa nguvu hewani na jama linaongeza. Kwa hiyo ile akili ya kutofautisha huwezi kuihakikisha dukani mpaka uwashe jama la kweli, na yeye hawashi, na sababu anayo.

Sababu yenyewe ni sheria. Hapa Kenya mitambo ya mawasiliano ya redio iko chini ya CA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sheria ya habari na mawasiliano ya mwaka 1998, na kitu ambacho kazi yake nzima ni kuharibu mawasiliano ya wenzako sahau habari ya kupewa leseni. Na si mambo ya karatasi tu. Jama halichagui. Linaziba traka yangu na linaziba simu ya mama aliyekaa siti ya nyuma anayempigia mkunga. Kule Newark, New Jersey, dereva mmoja alichomeka jama la GPS kwenye gari la kampuni ili bosi asimwone, sawasawa na huyu wangu, kumbe akipita karibu na uwanja wa ndege anavuruga mtambo wa kuongoza ndege zinazotua, na mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, ikamwandikia faini ya dola 31,875. Sasa uwanja wetu sisi uko wapi? Si palepale njia ya Mombasa magari yanapita kutwa.

Kuna kitu cha ziada ambacho fundi alinishauri na nimekifanya, ni kale katufe ka Bluetooth ka kufungia funguo, nimekaficha kwingine kabisa mbali na traka. Kenyewe hakana laini wala GPS, kanajitangaza tu na simu za watu zinazopita ndo zinaripoti kimyakimya kako wapi. Jama la mawimbi ya simu na GPS haliko kwenye masafa yake, na hata ukitaka kukaziba, Bluetooth haikai mahali pamoja. Ile ya kawaida, ya kwenye spika na si hii ya katufe, inarukaruka kwenye vijia 79, mara 1,600 kwa sekunde, kwa hiyo mwenye kelele ya mahali pamoja anaishia kuikosa. Hiyo akili ya kurukaruka ina historia tamu, mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipewa hataza Marekani ya kuongoza torpido kwa redio inayohamahama masafa ili adui asiijami, na walitumia masafa 88, sawa na vibonyezo vya piano. Mwigizaji! Kasoro ya katufe ni kwamba njia ya Marafa usiku hakuna simu za kukaona, na mwizi mwenye simu ya kisasa anaweza kuambiwa na simu yake mwenyewe kwamba kuna kitu kinamfuata. Kwa hiyo ni msaada, si kinga.

Nije kwenye kamera, sitarefusha. Nilitaka mbili za getini, za Wi-Fi, nimeziona mtandaoni bei nzuri hakuna kuchimba ukuta. Fundi akakataa kuniuzia, nikamwona mjeuri. Akaleta laptopu akanionyesha mambo. Kwenye Wi-Fi za zamani ruta ikitaka kukitoa kifaa inakitumia ujumbe wa "toka", na ule ujumbe hauna sahihi yoyote, kwa hiyo mtu aliyesimama barabarani anaweza kujifanya ni ruta na kuifukuza kamera yako kila sekunde, hahitaji hata kujua paswedi. Dawa yake ilitoka mwaka 2009, kiwango cha 802.11w kinachofunga ule ujumbe, na WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi, ilipokuja mwaka 2018 ikakifanya ni lazima. Ruta nyingi za majumbani kwetu kinapatikana humo ila kimezimwa, ingia kwenye setingi utafute ulinzi wa fremu za usimamizi ukiwashe, bure. Lakini hata ukiwasha, hiyo inazuia uongo tu, haizuii kelele. Mwenye jama la Wi-Fi hana haja ya kudanganya, anapiga kelele na kamera inakatika. Kwa hiyo ya getini ni ya waya, na kadi ya memori ndani yake ili hata waya ukikatwa picha zilizopita zimebaki. Amenichimbia ukuta vizuri, kaziba, kapaka rangi, huwezi kujua.

Msidhani ni wezi tu wanaofukuza watu. Hoteli moja kubwa ya Marriott kule Nashville ilikubali kulipa dola 600,000 mwaka 2014 kwa sababu ilikuwa inawakata wageni kwenye hotspot zao wenyewe, huku yenyewe inauza Wi-Fi. Wenye hoteli wa Casuarina mko hapo?

Na si kila Wi-Fi mbovu imejamiwa. Jirani yangu alisikia habari zangu akaanza kusema na yeye anajamiwa, kila saa saba mchana intaneti inakufa. Fundi alikuja akasimama jikoni, akaambia msichana weka chakula kwenye maikrowevu. Intaneti ikafa. Maikrowevu inafanya kazi kwenye gigahezi 2.45, palepale Wi-Fi ya kawaida inapokaa, na ile yake mlango umelegea. Ruta ikahamishiwa kwenye gigahezi 5 na kusogezwa ukumbini, mambo yakaisha, hakulipishwa. Nyumba za pembeni zote ruta zao ziko chaneli 6, yaani kijia kimoja cha Wi-Fi, akasema ndo kawaida ya mji mzima, watu wanaminyana hapo na 1 na 11 ziko wazi.

Lawama sasa, na ninazo. Saa zake si saa za watu. Akikwambia njoo saa nne ujue anafika saa sita na kidogo, na simu hapokei, utamkuta anasema alikuwa chini ya gari, kila siku yuko chini ya gari. Appu anayotumia ni ya Kizungu mwanzo mwisho na mamangu ambaye ndo hukaa na simu nikisafiri haielewi, nimemwambia angalau zile meseji za seva aziandike kwa Kiswahili, akaziandika, lakini menyu imebaki vilevile. Risiti mpaka umkabe. Utepe aliofungia waya chini ya dashbodi ulianza kuachia kwa joto, nilimrudishia akafunga upya bila maneno ila ilikuwa afanye vizuri tangu mwanzo, manake waya ukining'inia dereva ataona na siri imekwisha. Na mara moja seva yake ilinitumia meseji za gari kunyamaza usiku kucha kumbe ni laini tu ilikuwa haijalipiwa, na kulipia ni kazi yake, si nilishampa ya mwaka mzima.

Kuna mtu ataniuliza je ningeweka tu traka ya bei rahisi na nikamchagua dereva vizuri. Dereva huyu nililetewa na shehe, mswalihina, salamu aleikum yake inatangulia kabla hujamwona.

Mkienda kwake chukueni kopi ya logbook na kitambulisho, hafungi traka kwenye gari isiyo yako hata umpe nini, kuna kijana nilimkuta anabembeleza afungiwe kwenye pikipiki ya mchumba akafukuzwa mbele yangu. Ijumaa baada ya saa sita msimtafute mpaka alasiri. Gari ziegesheni mbali na duka, pale mbele boda wanapagombania. Tuktuk anafunga kwa 9,500, zangu mbili ashazichukulia dipoziti na anangoja mzigo kutoka Mombasa, amesema wiki ijayo, kwa hiyo mie nahesabu mwezi.